Uso, Sura, na Maradhi Yasiyo Upofu

Mnamo mwaka 1947 tabibu wa Kijerumani, Joachim Bodamer, baada ya kuwachunguza majeruhi wa vita walioumia kichwani, aliunga maneno mawili ya Kiyunani, moja lenye maana ya uso na la pili lenye maana ya kutojua, akapata istilahi ya prosopagnosia. Nayo ni hali ya mtu kumtazama mkewe au nduguye, akayaona barabara macho yake, pua yake na midomo yake, na bado asimtambue ni nani mpaka amsikie akinena.

Mfasiri mwenye haraka huandika "upofu wa nyuso", tafsiri nisiyoiafiki, kwani macho hayana hatia. Nuru yakishaipokea, habari zake hupelekwa kisogoni mwa ubongo, na huko mistari na vivuli vikapambanuliwa, kisha zikasafiri mbele hadi sehemu iliyo upande wa chini wa ubongo, ambayo Nancy Kanwisher na wenzake wa Marekani walionyesha mwaka 1997 kuwa huchangamka mtu atazamapo nyuso kuliko atazamapo vitu vinginevyo, na hasa upande wa kulia. Huko ndiko aghalabu jeraha liliko, ijapokuwa wapo pia wazaliwao na hali hii bila ya kuumia popote. "Ujahili wa nyuso" ungekaribiana zaidi na Kiyunani, lakini nani atakayeridhia kuitwa jahili kwa sababu ya maradhi?

Hata neno uso lina kasoro. Robert Yin alidhihirisha mwaka 1969 kwamba picha zikipinduliwa juu chini, uso huwa mgumu kutambulikana kupita nyumba iliyopinduliwa vivyo hivyo. Pua ni ile ile, macho ni yale yale, ila nisba baina yao, ambayo ubongo huisoma kwa mkupuo mmoja, imevurugika. Nisba hiyo ndiyo Mswahili aiitayo sura, na ndiyo maana ndugu wawili hufanana sura hata pua zao zikihitilafiana.

Basi naona heri tuseme "ukosefu wa utambuzi wa sura", istilahi ndefu, nakiri, isiyo na utamu mdomoni. Sisi wazima humwambia mtu, "Sura yako si ngeni, ila jina limenitoka". Mwenye maradhi haya mambo yake ni kinyume: sura kwake ni ngeni kila siku, lakini salamu zikishaanza, nazo za pwani hazina haraka, sauti humfikia, na jina likaja lenyewe.