Mhadhiri Msafiri na Mlezi Wake: Funzo la Berlin, 1887–1905

Tunapozungumzia mipango ya masomo ya ng'ambo, aghalabu tunaanza na nauli, karo na vyeti. Mhadhiri anayetumwa huko kufundisha hutajwa mwishoni, kana kwamba kuijua lugha yake kunamtosha. Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa kuitazama historia ya Kiswahili katika jiji la Berlin, kwamba mipango ya aina hii hudhoofika pale mwalimu anapoachwa bila mlezi.

Chuo cha Lugha za Mashariki kilifunguliwa katika Chuo Kikuu cha Berlin mwaka 1887. Kiswahili kilifundishwa humo kwa sababu Ujerumani ilihitaji watawala, wafanyabiashara na wamisionari wa kwenda Afrika ya Mashariki. Utaratibu ulikuwa kwamba Mjerumani alifundisha sarufi, na msemaji mzawa wa lugha, mwenye cheo cha chini, akawazoeza wanafunzi kusema na kusoma. Miongoni mwa wazawa hao walikuwa Sleman bin Said, kisha Amur bin Nasur. Mwaka 1900 akafika Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Mrima wa Bagamoyo.

Mtoro hakupungukiwa na elimu. Kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichochapishwa mwaka 1903, kwa sehemu kubwa ni matunda ya kalamu yake, ijapokuwa kilitolewa kwa jina la Carl Velten. Hata hivyo, baadhi ya wanafunzi walimdharau darasani kwa Uafrika wake, wala cheo chake hakikumpa mamlaka ya kuwarudi. Alijiuzulu mwaka 1905. Mwaka huohuo alisafiri kurejea kwao pamoja na mkewe Mjerumani, lakini wakazuiwa kushuka pamoja Dar es Salaam, wakarudi Ujerumani. Baadaye alifundisha Hamburg, na akafariki mwaka 1927.

Sisemi kwamba mlezi mwema angeuondoa ubaguzi wa kikoloni. Ninalosema ni kwamba ukoloni ule umekwisha, lakini desturi ya kumfanya mzawa kuwa chombo cha matamshi haijatoweka kabisa. Mimi mwenyewe, nilipokuwa nikisomea shahada ya pili ng'ambo, nilikabidhiwa darasa la Kiswahili siku ya tatu baada ya kuwasili. Nilipewa kitabu na ufunguo wa chumba. Hapana aliyenieleza namna ya kusahihisha kazi, wala namna ya kumjibu mwanafunzi aliyeshikilia kwamba kitabu kinajua Kiswahili kuniliko. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Ni kweli nilifunzwa, lakini gharama yake waliilipa wanafunzi wa muhula mzima.

Kwa hiyo yafaa idara zetu ziwape wahadhiri waliorejea jukumu la kuwalea wanaoondoka: wakae nao darasani kabla ya safari, waandikiane barua muhula wote, na wawasaidie kupatana mapema na chuo mwenyeji kuhusu cheo, mamlaka ya darasani, na jina litakaloandikwa juu ya kazi zao. Malezi hayohayo wanayahitaji wenzetu wanaowapokea wanafunzi wa kigeni hapa Kenya. Mtoro alikuwa na ujuzi wote uliotakiwa. Alichokosa ni mtu wa kusimama upande wake, na hilo halipaswi kumpata mhadhiri wetu yeyote leo.