Boga, Kibuyu na Glasi ya Bi Harusi



Kila ikifika Septemba na Oktoba, simu zetu hujaa picha za kinywaji kizito cha rangi ya chungwa, kina povu juu na unga wa mdalasini, na maelezo yake yanasema ni kokteli ya boga ya msimu. Mabibi harusi wengi wanakipenda kwa rangi yake na wanataka kiwepo mezani siku ya walima. Lakini ukisoma namna wenyewe wanavyokitengeneza, ndani mna ramu, wiski au pombe tamu ya krimu. Basi mtu husema: toa pombe, yaliyobaki ni boga na viungo, tatizo limekwisha.

Jibu hilo ni sahihi, ila ni fupi mno. Boga na jamaa yake wana historia ndefu, katika dini yetu na katika ardhi yetu, na anayeijua historia hiyo haandai kinywaji hiki kama mtu anayeiga wengine kwa woga. Leo naomba tuitazame historia hiyo tukiwa tumesimama Kifaru, chini ya Milima ya Upare, kwenye barabara kuu inayotoka Same kwenda Moshi. Binti zetu wa visiwani wanaolewa huko, na mabinti wa Upare wanaolewa huku. Kama tutakavyoona, njia baina ya pande hizi mbili ni ya zamani kuliko ndoa zetu.

Jina na msimu

Tuanze na jina. Maelezo ya mwanzo yanayojulikana kuchapishwa kuhusu kokteli yalitoka Marekani, katika gazeti la mji wa Hudson, jimbo la New York, mwezi Mei 1806. Gazeti lilieleza kuwa ni mchanganyiko wa pombe kali, sukari, maji na dawa chungu za mitishamba. Kwa asili yake, basi, jina hilo ni la pombe. Lilipofika kwetu lilibadilika maana. Ukiagiza kokteli kwenye duka la juisi Darajani au Moshi mjini, utaletewa embe, parachichi na pasheni katika glasi moja, wala hakuna atakayekushangaa. Jina limehama, na kilichomo kimehama nalo.

Na msimu? Wenzetu wa Ulaya na Marekani hunywa boga wakati majani ya miti yanapopukutika, kwa sababu ndipo maboga yao yanapovunwa kabla ya baridi. Baadhi ya kamusi huyaita majira hayo vuli. Lakini vuli yetu ni mvua. Kuanzia Oktoba hadi Desemba, mkulima wa Upare hutazama mawingu na kupanda. Boga linalokuwa jikoni siku hizo aghlabu ni lile la masika, lililokomaa gamba likawa gumu na kuhifadhiwa pakavu kwa miezi. Kwao boga la msimu huo ni la mavuno, na kwetu ni la akiba. Kinywaji ni kile kile, lakini maana yake mezani si moja.

Mumunye la Mtume, boga la Marekani

Wengi wetu tumesikia kisa cha Anas bin Malik (R.A.), kilichopokewa na Bukhari na Muslim. Mshona nguo mmoja alimwalika Mtume (S.A.W.) chakula, akaandaa mkate wa shayiri na mchuzi wenye dubbaa na nyama iliyokaushwa. Anas alimwona Mtume akiitafuta dubbaa pembeni mwa sahani, na tangu siku hiyo yeye mwenyewe akaipenda. Katika Qur'an pia, Suratu Saffat aya ya 146, Mwenyezi Mungu anatueleza kuwa Nabii Yunus (A.S.), alipotupwa ufukweni hali ya kuwa mgonjwa, aliotesheziwa mmea wa yaqtin, na wafasiri wengi wameufasiri kuwa wa jamii hiyo hiyo.

Neno dubbaa mara nyingi hutafsiriwa kuwa ni boga. Kihistoria, lililokuwa sahani ile ni mumunye, tunda ambalo likiachwa likauke hutupa kibuyu. Mumunye ni mmea wa zamani sana Afrika na Asia. Boga hili tunalolijua leo, lenye nyama ya rangi ya chungwa, asili yake ni Marekani. Katika pango la Guilá Naquitz, Oaxaca, nchini Mexico, wataalamu wamezikuta mbegu za jamii ya boga lililolimwa na watu miaka ipatayo 10,000 iliyopita. Upande wetu wa dunia haukulijua mpaka baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi mwaka 1498, na katika karne zilizofuata mazao ya Marekani, kama mahindi na muhogo, yakaenea pwani na bara.

Upare uliyapokea vizuri. Wapare walikuwa tayari mafundi wa maji: walichimba mifereji na kujenga ndiva, yale mabwawa madogo ya mlimani yanayokusanya maji ya vijito usiku ili yafunguliwe mashambani mchana. Leo ukimtaja Mpare, watu hutaja makande, mahindi na maharage katika chungu kimoja. Sehemu kubwa ya chakula tunachokiita cha asili ilikuja kwa jahazi kama lilivyokuja boga. Ugeni wa kitu si aibu. Sisi huuliza kimekuja na nini ndani yake.

Kibuyu chenye sura mbili

Tunda lile lile alilolipenda Mtume (S.A.W.) kama chakula, kuna wakati alilikataza kama chombo. Ibn Abbas (R.A.) amepokea habari za ujumbe wa kabila la Abdul Qays, waliotoka mashariki ya Bara Arabu kuja Madina. Mtume aliwafundisha nguzo za dini, na mwisho akawakataza vyombo vinne vya kulowekea vinywaji: kibuyu cha dubbaa, mtungi wa kijani wa hantam, gogo la mtende lililochongwa ndani, na chombo kilichopakwa lami. Wanavyuoni wameeleza sababu. Ndani ya vyombo hivyo kinywaji cha tende au zabibu huchacha upesi, na mtu anaweza kunywa kilevi bila kujua. Baadaye, katika Hadithi ya Buraida iliyopokewa na Muslim, katazo la vyombo likaondolewa. Wakaruhusiwa kunywa katika kila chombo, alimradi wasinywe kinacholevya.

Sasa rudi Upare. Kwa vizazi vingi kibuyu kilikuwa chombo cha maji, cha maziwa, na pia cha dengelua, pombe ya miwa inayojulikana Upare na Kilimanjaro. Pombe hiyo ilikuwa na nafasi yake katika posa, sherehe na mapatano ya wazee. Uislamu ulipopanda kutoka pwani, na misheni za Kikristo zilipoingia mwanzoni mwa karne ya 20, Walutheri wa Leipzig upande wa kaskazini na Wasabato upande wa kusini, kila familia ililazimika kuamua nini kitamiminwa siku ya harusi. Wasabato nao hawanywi pombe, jambo ambalo bi harusi anayekwenda kwenye ukoo wa dini mchanganyiko afadhali alijue mapema. Huenda mkwe asiye Mwislamu akawa wa kwanza kumuunga mkono.

Wale walioacha dengelua hawakulazimika kuvunja vibuyu vyao. Kibuyu kilibaki, kilichomo kikabadilika. Hilo ndilo fundisho la Hadithi ya Buraida, na ndilo kipimo cha glasi yetu ya boga. Umbo la glasi na jina lake havitoshi kuhukumu. Tazama kilichomo, na kimekaa muda gani.

Viungo vilivyopita njia ya Kifaru

Ile ladha inayoitwa ya boga huko Marekani, iliyopata umaarufu mpya kampuni ya Starbucks ilipotoa kahawa yake ya maziwa mwaka 2003, kwa kweli ni ladha ya viungo vyetu: mdalasini, tangawizi, karafuu na kungumanga. Ni vitu vya soko la Darajani.

Lakini viungo hivi navyo vina historia yao, na si tamu yote. Karafuu ililetwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na chini ya Sayyid Said bin Sultan mashamba yake yakaenea Unguja na Pemba. Kazi ya mashamba hayo ilifanywa na watumwa. Mojawapo ya njia za misafara ilitoka Pangani, ikafuata bonde la mto, ikapita chini ya Usambara na Upare mpaka Kilimanjaro. Ilipita tambarare hii hii ya Kifaru. Njiani zilipita pembe za ndovu, na walipita pia watu waliotekwa au kuuzwa, wakishushwa pwani. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, ikapita tambarare hiyo, na mizigo ikaondoka mabegani mwa watu.

Nasema haya katika makala ya kinywaji kwa sababu leo binti wa kisiwani anaweza kukaribishwa Kifaru kama mke na mkwe, na binti wa Upare akakaribishwa Pemba vivyo hivyo. Safari iliyowahi kuwa ya minyororo imekuwa ya posa na mahari. Karafuu mbili ndani ya sufuria ya boga zinabeba habari hiyo, na si vibaya bi harusi akaijua.

Kuandaa

Kwa glasi sita, chukua boga lililokomaa, menya, toa mbegu, kata vipande na uvichemshe kwa maji kidogo mpaka vilainike. Saga na uchuje upate vikombe viwili vya rojo laini. Katika sufuria nyingine, chemsha kikombe kimoja na nusu cha maji pamoja na sukari vijiko vinne vya chakula, kijiti cha mdalasini, karafuu mbili, hiliki sita zilizopondwa na kipande kidogo cha tangawizi. Baada ya dakika kumi, chuja. Rudisha maji hayo jikoni, tia rojo la boga, kisha vikombe viwili vya tui zito na chumvi chembe. Koroga kwa moto mdogo bila kuacha, tui lisikatike. Likianza tu kutokota, epua, liache lipoe, kisha weka kwenye friji. Mimina juu ya barafu na unyunyize mdalasini.

Mambo matatu ya kuangalia. Kwanza, vanila ya maji ya dukani mara nyingi imetengenezwa kwa alkoholi. Soma karatasi ya chupa, au tumia ya unga, au uiache, kwani hiliki inatosha. Pili, kungumanga. Wanavyuoni wamehitilafiana juu yake, na Ibn Hajar al-Haytami, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu yetu ya Shafi, aliihesabu kuwa kilevi. Wapo walioruhusu chembe kidogo ya kuungia chakula. Mimi nimeiacha nje ya sufuria, nawe muulize sheikh wako. Tatu, muda. Bibi Aisha (R.A.) alieleza kuwa walimlowekea Mtume (S.A.W.) tende asubuhi akanywa jioni, na walizoloweka jioni akanywa asubuhi. Boga lenye tui na sukari huharibika upesi kwa joto la tambarare ya Kifaru. Litengeneze siku ile ile, na lililolala nje ya friji limwage.

Harusi nyingi za bara siku hizi zina kipengele cha kufungua shampeni, na familia hununua zile zisizo na kilevi ili picha zipatikane. Kabla ya kubishana na mawifi kuhusu chupa hiyo, wapelekee mashangazi wa pande zote mbili jagi la boga siku ya kikao cha maandalizi. Waonje kwanza. Mwambie MC mapema kuwa wakati wa kipengele hicho maharusi watamiminiana kinywaji cha boga, boga la shamba la Upare na tui la nazi ya kisiwani, na akitaje kwa jina hilo mbele ya wageni. Watoto watakunywa, bibi mzaa bwana harusi atakunywa, na jirani Mlutheri atakunywa bila kuuliza kitu.

Mwenyezi Mungu azibariki ndoa zenu, azikutanishe koo zenu kwa heri, na azijaalie meza zenu kuwa za halali na za baraka. Amin.