Damu, Mionzi na Ndugu wa Mgonjwa

Mionzi ya gama husafisha mabomba ya sindano, glavu na nyuzi za kushonea vidonda, na kazi hiyo huifanya vizuri. Pengine ndiyo sababu ya dhana kwamba damu iliyopigwa mionzi nayo imeuawa vijidudu. Haijauawa. Kipimo kilichozoeleka cha kusafishia vifaa ni grei 25,000, ilhali mfuko wa damu hupewa grei 25 hivi, yaani sehemu moja ya elfu. Kwa kipimo hicho bakteria na virusi vya homa ya ini hubaki na uwezo wao wa kuambukiza. Kikiongezwa hadi kiwaue, seli nyekundu nazo zitaharibika.

Kinacholengwa ni limfosaiti, askari wa kinga ya mchangiaji wanaosafiri ndani ya mfuko. Seli nyekundu haina kiini, kwa hiyo mionzi haina vinasaba vya kukata humo. Limfosaiti inavyo, na vikikatwa haiwezi tena kugawanyika. Kwa kawaida mwili wa mgonjwa huwaangamiza askari hao wageni. Kinga yake ikiwa dhaifu mno, wao ndio hukaa, huzaliana na kushambulia ngozi, utumbo, ini na uloto. Mgonjwa hupata homa, upele na kuharisha, kisha uloto wake huacha kutengeneza damu. Tukio hili ni nadra, lakini zaidi ya asilimia 90 ya wanaopatwa nalo hufa.

Hapa ndipo suala linapotugusa Afrika Mashariki, na si kwa sababu ya teknolojia. Mwenye kinga imara pia anaweza kupatwa, iwapo damu imetoka kwa ndugu yake. Mtoto hurithi nusu ya alama zake za kinga kwa baba na nusu kwa mama. Baba akiwa na alama za namna moja pande zote mbili, mwili wa mtoto hauoni chochote kigeni katika limfosaiti za baba, lakini limfosaiti hizo huiona nusu ya mama kuwa adui. Japani, ambako alama hizo hazitofautiani sana kati ya watu, ilishuhudia vifo vingi vya namna hii baada ya upasuaji kabla mionzi haijawa utaratibu wa kawaida.

Katika hospitali zetu ndugu wa mgonjwa huombwa kuchangia ili kufidia damu iliyotumika. Mradi chupa zao zinaingia kwenye akiba ya pamoja, hatari ni ndogo. Akiba ikikauka usiku wa dharura, kishawishi cha kumwekea mtoto damu ya baba yake, tena ikiwa bado mbichi, ni kikubwa. Na damu mbichi ndiyo yenye limfosaiti hai zaidi. Kinga ya kwanza basi haihitaji mashine yoyote: damu ya ndugu wa karibu apewe mgonjwa mwingine.

Dhana kwamba mionzi husaidia kuhifadhi damu ni dhaifu zaidi. Mionzi hufupisha maisha ya seli nyekundu, kwani utando wake hudhurika na potasiamu huvuja. Uingereza huruhusu seli hizo zitumike ndani ya siku 14 tu baada ya kupigwa mionzi, na kwa mtoto mchanga anayebadilishiwa damu ni saa 24. Chembe sahani hazipungukiwi muda.

Anayetaka kuua vijidudu aangalie mwanga wa urujuanimno unaotumika pamoja na vitamini B2. Katika jaribio la Kumasi, Ghana, lililochapishwa mwaka 2016, kati ya wagonjwa waliowekewa damu yenye vimelea vya malaria, mmoja tu kati ya 28 aliambukizwa pale damu ilipotibiwa hivyo, dhidi ya 8 kati ya 37 pale ambapo haikutibiwa. Kwa nchi zenye malaria, matokeo hayo yana uzito zaidi kuliko grei 25 zote.

Hata hivyo mashine za kupiga damu mionzi tunazihitaji kwa wachache. Hospitali ya Muhimbili, Tanzania, ilianza kupandikiza uloto mwaka 2021, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imefuata kwa watoto wenye selimundu. Wagonjwa hao wasiwekewe damu isiyopigwa mionzi. Lakini tusinunue mashine zinazopata mionzi yake kwa siziamu-137. Madini hayo huchukua miaka 30 kupungua nusu, na Goiânia, Brazil, mwaka 1987, siziamu iliyotelekezwa katika kliniki ya zamani iliua watu wanne na kuchafua zaidi ya 240. Mashine za eksirei hufanya kazi ile ile na zikizimwa hazitoi mionzi. Udhaifu wao ni kutegemea umeme na mafundi.

Msimamo wangu ni huu: wizara zetu ziweke mashine za eksirei katika vituo vya kupandikiza uloto, zipige marufuku damu ya ndugu wa karibu isiyopigwa mionzi, na fedha zitakazobaki ziende kwenye vipimo vya maabara na uhamasishaji wa wachangiaji wa hiari.