Pepopunda, Degedege, na Orodha ya Magonjwa

Wazee wetu wa pwani walijua vema kuwa ugonjwa huweza kuukaza mwili. Mtu aliyefungwa taya na kupindwa mgongo, walinena ana pepopunda. Mtoto mwenye homa aliyetupatupa maungo, walinena ana degedege, na wengine walisadiki ya kwamba amepitiwa na ndege wa usiku. Majina hayo yalieleza lililoonekana kwa macho, wala si sababu yake.

Wala si wazee wetu peke yao waliofanya hivyo. John Graunt alipochapa hesabu ya vifo vya mji wa London mwaka 1662, sababu moja iliyoandikwa ilikuwa mtukutiko wa maungo, bila neno zaidi. Mwaka 1839 William Farr alilalamika kuwa ugonjwa mmoja una majina matatu au manne, na jina moja hutumika kwa magonjwa mengi. Basi mwaka 1893, huko Chicago, Mfaransa Jacques Bertillon alitoa orodha moja ya sababu za vifo, ili mataifa yaifuate. Mwaka 1948 Shirika la Afya Duniani liliishika kazi hiyo, likatia na magonjwa yasiyoua.

Katika toleo la kumi, lililokubaliwa mwaka 1990, kila ugonjwa una herufi na tarakimu. Pepopunda ya mtoto mchanga ni A33. Malaria iliyopanda kichwani ni B50.0. Lakini misuli iliyokaza bila sababu kujulikana ni R25.2, maana herufi R ni ya dalili tu.

Mama wa Gongo la Mboto aweza kuuliza: Tarakimu hizi zanifaa nini? Zamfaa sana. Watoto wawili wakikakamaa, mmoja kwa uchafu ulioingia kitovuni, mwingine kwa malaria, dawa zao ni mbalimbali. Wakiandikwa wote degedege, nani atajua wapi pa kupeleka chanjo, na wapi vyandarua? Mama zetu walichanjwa, uzazi ukawa safi. Na kwa kuwa pepopunda ilihesabiwa peke yake, mwaka 2012 ilithibitishwa ya kwamba katika Tanzania imeshuka chini ya mtoto mmoja kwa kila watoto 1,000 wazaliwao hai.

Basi mzazi afikapo zahanati na aseme yote aliyoyaona: homa, kidonda, taya, na siku ngapi. Mganga hawezi kuandika tarakimu ya kweli asipoambiwa habari za kweli.