Mpini wa jembe: Unavyochaguliwa, unavyobadilishwa na mti wake unakotoka

IFAKARA

MVUA za msimu zinapoanza kunyesha katika Bonde la Kilombero, mkoani Morogoro, ardhi iliyokauka kwa miezi kadhaa hulainika na wakulima wa mpunga huingia shambani kwa pamoja. Matrekta na majembe ya kukokotwa na ng'ombe yameongezeka, lakini jembe la mkono bado linatumika kulimia, kupalilia na kuzibua mifereji katika mashamba madogo yanayouzunguka mji wa Ifakara.

Kifaa hicho kina sehemu mbili tu: bapa la chuma na mpini wa mti. Chuma hudumu misimu mingi. Mpini ndio unaovunjika, na kwa kawaida huvunjika kazini, siku ambayo mkulima hana muda wa kutafuta mwingine. Mpini uliolegea ni hatari zaidi, kwani jembe au shoka likichomoka hewani linaweza kumjeruhi mtumiaji au mwenzake aliye karibu.

Pamoja na hayo, mkulima anapokwenda dukani hulikagua bapa kwa makini, lakini mpini huokotwa popote. Makala haya yanaeleza namna ya kuchagua na kubadilisha mpini, na kwa nini upatikanaji wa mti unaofaa hauwezi tena kuachiwa bahati.

Zana zisizofanana

Zana za familia moja hukusanywa kwa miaka mingi. Linaweza kuwapo jembe lililoagizwa kutoka China au India, jingine la enzi za viwanda vya umma vya UFI, Ubungo jijini Dar es Salaam, na ZZK cha Mbeya, na shoka lililofuliwa na mhunzi wa kijijini. Matundu yake hayalingani kwa upana wala kwa umbo. Kwa sababu hiyo, mpini uliotolewa kwenye jembe moja ni nadra kulikaa jingine bila kuchongwa upya.

Kimsingi zipo namna tatu za kuunganisha chuma na mpini. Ya kwanza ni ya jembe la tundu, ambalo ndilo la kiwandani. Mpini wake huwa mnene upande mmoja. Jembe huvishwa kuanzia ncha nyembamba na kusukumwa hadi linapobanwa na sehemu nene. Kila pigo hulikaza zaidi, na kwa sababu hiyo jembe la namna hiyo halihitaji msumari.

Ya pili ni ya zana ya mkia, ambayo hufuliwa na wahunzi. Chuma huwa na mkia uliochongoka, nao huchomwa moto na kupitishwa kwenye kichwa kinene cha mpini. Hapa mti ndio wenye tundu. Kichwa kikipasuka, mpini wote umekwisha.

Ya tatu ni ya shoka la kiwandani lenye tundu la umbo la yai. Mpini huingizwa kutoka chini, ncha yake ikiwa imepasuliwa kidogo kwa msumeno, kisha kabari hugongomelewa kwenye ufa huo ili mti utanuke na kujaza tundu.

Mti unaofaa

Mti wa mpini hupimwa kwa sifa tatu: nyuzi zilizonyooka kutoka ncha hadi ncha, kutokuwa na fundo, na uwezo wa kuhimili mshtuko bila kukatika. Ugumu pekee hautoshi, kwani mti mgumu usiopinda hata kidogo hukatika ghafla.

Miongoni mwa miti inayotumika kwa mipini katika Afrika Mashariki ni mkole, mkwaju, mpera na mchungwa. Bonde la Kilombero linajulikana pia kwa mashamba makubwa ya mitiki yaliyopandwa tangu miaka ya 1990. Hata hivyo, sifa kuu ya mtiki ni kustahimili mchwa na unyevu. Kwa samani na milango ni mti bora, lakini si chaguo la kwanza kwa shoka linalopigwa kwa nguvu.

Hatua za kubadilisha

Mpini wa zamani ukatwe karibu na chuma, kisha kipande kilichobaki kitolewe kwa nyundo na chuma cha kusukumia. Wapo wanaolitupa jembe motoni ili mti uliokwama uungue. Njia hiyo ni rahisi lakini ina gharama, kwani joto kali hulegeza ugumu aliopewa chuma kiwandani, na makali yake huisha mapema.

Tundu lisafishwe kutu kwa tupa. Mti mpya uwe umekaushwa kivulini kwa wiki kadhaa. Mti mbichi ukichongwa na kuvishwa leo utasinyaa baadaye na jembe litalegea. Ni vyema pia gogo lipasuliwe kwa kufuata nyuzi zake badala ya kukatwa kwa msumeno, maana msumeno hukata nyuzi kwa mshazari na kuacha mahali dhaifu.

Uchongaji ufanyike kidogo kidogo. Mpini uingizwe, utolewe, na pale panapoonekana alama ya kusuguana papunguzwe, hadi mti uguse tundu pande zote. Kisha mkulima alitazame jembe akiwa ameshika mpini kwa urefu ili kuhakikisha bapa halikuinama upande. Mwisho, mpini ulainishwe kwa msasa au kipande cha chupa na kupakwa mafuta ya kitani.

Kulowesha jembe ndani ya maji usiku kucha ili mpini ukaze ni tiba ya muda. Mti huvimba na nyuzi zake hubanwa na chuma, na ukikauka hulegea kuliko mwanzo.

Kuhusu urefu, mpini mrefu hupunguza kuinama na kuupumzisha mgongo, na mfupi huongeza usahihi wa kupalilia kati ya miche. Hakuna kipimo kimoja kinachowafaa baba, mama na kijana kwa pamoja.

Kanuni hiyo haiwahusu wakulima pekee. Fimbo za gofu zilikuwa na mipini ya mti wa hikori wa Marekani hadi klabu ya Royal and Ancient ya St Andrews, Scotland, iliporuhusu ya chuma mwaka 1929. Hadi leo, anayebadilisha mipini ya fimbo za chuma zilizotoka katika seti tofauti hulazimika kupima tundu la kila kichwa, na kupishanisha urefu kwa takriban sentimita 1.3 kutoka fimbo moja hadi nyingine.

Msitu si ghala tena

Zamani mkulima aliyehitaji mpini aliingia msituni na panga. Leo nafasi hiyo imepungua. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992, na utaratibu uliowaruhusu wanavijiji wa jirani kuokota kuni kavu ndani yake ulisitishwa mwaka 2011. Eneo oevu la bonde hilo liliingizwa katika orodha ya kimataifa ya Ramsar mwaka 2002. Aidha, Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka kibali kwa uvunaji katika misitu ya hifadhi.

Hatua hizo zinalinda vyanzo vya maji yanayomwagilia mpunga wenyewe. Lakini mahitaji ya mipini hayakukoma, na mti mnyoofu wa kutosha mpini mmoja huchukua miaka kadhaa kukua.

Njia iliyo mikononi mwa kaya ni kupanda mpera, mchungwa au mkwaju mpakani mwa shamba, na kupogoa matawi yaliyonyooka badala ya kukata shina. Kazi ya kupasua na kukausha ifanyike kiangazi, baada ya mavuno. Mkulima mwenye mipini miwili mikavu darini atapoteza nusu saa jembe likivunjika. Asiyekuwa nayo huweza kupoteza siku nzima, wakati mvua haimngoji.