Kupanda kwa maji ya kilindi

Kupanda kwa maji ya kilindi ni mwendo wa maji baridi ya chini ya bahari kuja juu, kushika nafasi ya maji ya juu yaliyoondolewa na upepo. Mojawapo ya maeneo makuu ni pwani ya Somalia kati ya Juni na Septemba, kusi inapovuma kwa nguvu sambamba na ufuo kuelekea kaskazini-mashariki.

Maji hayaufuati upepo moja kwa moja. Katika safari ya meli ya Fram, 1893–1896, Mnorwe Fridtjof Nansen aliona barafu ya Aktiki ikielea upande wa kulia wa upepo. Msweden Vagn Walfrid Ekman akalieleza jambo hilo kwa hesabu: mzunguko wa dunia huyapinda maji yanayosukumwa, na kaskazini mwa ikweta jumla ya maji ya juu huenda kulia kwa nyuzi 90. Hivyo kusi huyatoa maji ya Somalia kwenda bahari kuu, na mengine hupanda kutoka kina cha mita 100 hadi 200, mita chache tu kwa siku. Karibu na Ras Hafun joto la uso wa bahari huweza kushuka chini ya nyuzi 20 za Selsiasi.

Kusini mwa ikweta maji hupinda kushoto. Ndiyo maana kusi hiyohiyo huyasogeza maji ya Mombasa na Dar es Salaam kuelekea nchi kavu, nayo hubaki vuguvugu.

Maji yanayopanda huleta naitreti na fosfeti za masalia yaliyozama na kuoza. Yakifika penye mwanga, planktoni hustawi na samaki hufuata, ingawa kusi inayowaleta ndiyo pia inayochafua bahari, na wavuvi wengi wa Somalia huvuta mashua pwani. Hali ni hiyohiyo Dhofar, Oman: upepo wenye unyevu ukipita juu ya maji baridi huzaa ukungu, na vilima vya Salalah huvaa kijani.

Maji ya vilindi vya maelfu ya mita yana njia nyingine. Huzama karibu na Greenland na Antaktika yakiwa baridi na mazito kwa chumvi, husambaa sakafuni, kisha mengi hupanda katika Bahari ya Kusini, yakivutwa na pepo za magharibi. Mzunguko mzima huchukua takriban miaka 1,000.