Sheria na Asali ya Makere

Katika misitu ya miombo ya Makere, wilayani Kasulu, tangu zamani wafugaji nyuki wametundika mizinga na kuuza asali na nta. Lakini mzinga wa gome huua mti uliochunwa. Afanyaye hivyo hula mtaji wake. Sheria ya Misitu ya mwaka 1957 ilitegemea zaidi makatazo na vibali; na msitu usio wako huuonei uchungu. Sheria za Misitu na Ufugaji Nyuki za mwaka 2002, namba 14 na 15, ziligeuza shauri: kijiji kiliruhusiwa kutenga na kusimamia hifadhi yake chenyewe. Wahenga walisema, fuata nyuki ule asali. Basi sheria njema humhakikishia mtu asali ya kesho, ndipo aulinde mti leo.